Baridi imeachia, mvua bado: maneno ya wakulima wa mboga chini ya Mlima Meru na maana yake

Nane Nane ikishamalizika pale viwanja vya Themi, Njiro, mazungumzo ya wakulima wa mboga wa Arusha na Arumeru hubadilika. Mwezi wa saba salamu ilikuwa "Mmeamkaje na baridi hii?" Kuelekea mwezi wa tisa utasikia mengine. Utayasikia kwenye mfereji, ndani ya kifodi cha kwenda soko la Tengeru siku ya Jumatano, au kwa jirani uliyekwenda kumwazima jembe: "Mama, baridi imeachia. Umeshasia nyanya?"

Ni maneno ya kawaida, ya kupitisha muda. Lakini msikilizaji, ukiyasikiliza vizuri utakuta ndani yake kalenda nzima ya bustani. Makala hii inachukua maneno sita yanayosikika sana wakati huu na kueleza kinachoyasababisha.

Jambo moja tulishike tangu mwanzo. Chini ya Meru, jua hurudi kabla ya mvua. Kati ya baridi kuachia na vuli kushika kuna wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi. Ni ndani ya pengo hilo ambapo miche mingi iliyosiwa kwa furaha hunyauka mbele ya macho ya mwenyewe.

"Baridi imeachia"

Shuleni tulisoma habari za majira ya kuchipua ya Ulaya, miti iliyopukutika inapotoa majani mapya. Kwetu majira hayo hayapo. Tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha baridi, wengine huita kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Baada ya hapo kuna kipindi kifupi cha ukavu, halafu vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Mkulima wa bustani wa Ulaya husubiri siku zirefuke. London mwezi Juni mchana unapita masaa 16, na Desemba hauzidi sana masaa 8. Arusha tuko karibu na ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Mmea wako hauamshwi na urefu wa siku. Unaamshwa na vitu viwili: jua kupanda juu zaidi, na mawingu kuondoka.

Mwezi Juni jua huwa limeelekea kaskazini, mbali na sisi. Mnamo Septemba 22 au 23 linavuka ikweta likirudi kusini, na mwanzoni mwa Oktoba linapita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu wa Arusha saa sita mchana. Ndiyo sababu jua la Oktoba huuma.

Mawingu nayo huletwa na upepo. Miezi ya baridi tunakuwa na upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu. Ukigonga mlima unapanda, unapoa, na unyevu unageuka wingu. Watu wa upande wa kusi wa Meru, kama Sokon, Ilboru, Akheri na Nkoaranga, wanaweza kukaa siku nyingi bila kuona kilele, manyunyu yakidondoka asubuhi. Walioko nyuma ya mlima, Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, hupata upepo uleule ukiwa umeshamwaga unyevu wake upande wa pili. Ndiyo maana wakikutana sokoni mmoja analalamikia matope na mwenzake vumbi, na wote wanasema kweli.

Kuna na suala la urefu kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Shamba la juu kule Ng'iresi na shamba la chini la Usa River zinaweza kupishana nyuzi tatu au zaidi siku hiyohiyo. Kwa hiyo shemeji yako wa Usa River akikwambia ameshahamisha miche, mpongeze, lakini usikimbilie kufanya kama yeye kabla hujaona hali ya kwako.

"Mbegu zangu zimelala"

Haya ni malalamiko ya mwezi wa saba na wa nane. Mtu amesia nyanya, siku kumi zimepita, kitalu kimetulia kama hakuna kitu. Anaanza kumlaumu muuza mbegu.

Mara nyingi mbegu haina kosa. Mbegu ya nyanya kwenye udongo wa joto la nyuzi 25 huchipua kwa takriban siku 6. Kwenye nyuzi 20 huchukua kama siku 8. Kwenye nyuzi 15 inahitaji wiki mbili. Kabichi na vitunguu huvumilia baridi zaidi: kabichi kwenye nyuzi 15 huchipua kwa siku 9 hivi, kitunguu kwa siku 7.

Kwa hiyo kitalu cha nyanya au hoho kilichosiwa wakati wa baridi kipe siku 14 kabla hujakifukua. Usikiongezee maji kwa hasira. Udongo wa baridi ukilowa sana huozesha mbegu na kuangusha miche michanga shingoni. Kitalu kiwekwe panapopata jua la asubuhi, na nyasi ulizofunikia ziondolewe mara tu unapoona vichwa vya kwanza.

Baridi ikiachia, kitalu hukimbia. Miche iliyokuwa inahitaji wiki sita sasa inaweza kuwa tayari kwa wiki nne. Hapa ndipo wengi hujikuta na miche mirefu na myembamba iliyopitiliza, kwa sababu shamba halijaandaliwa au zamu ya maji iko mbali. Sia kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku utakayokuwa na maji.

"Nyanya zangu zimeungua na baridi"

Mkulima anaamka, anakuta majani ya nyanya yana mabaka ya kahawia yaliyolowa, siku mbili tatu baadaye mstari mzima umekuwa mweusi. Anasema baridi imeunguza.

Baridi imesaidia, lakini aliyeunguza ni ugonjwa. Unaitwa bakajani chelewa, na wengi tunauita ukungu. Vimelea vyake hupenda ubaridi na majani yanayokaa na maji kwa masaa mengi, yaani hali ileile ya Julai upande wa kusi wa Meru. Ugonjwa huu ndio ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Viazi mviringo na nyanya ni ndugu, na adui yao ni mmoja.

Kujua kwamba ni ugonjwa kunabadilisha cha kufanya. Baridi ingekuwa ndiyo chanzo, ungesubiri tu jua. Lakini vimelea huruka kwa upepo kutoka kwako kwenda kwa jirani. Mimea iliyoungua ing'olewe na kufukiwa, isiachwe kando ya mfereji. Nyanya zisimikiwe miti, majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe, na maji yapite chini kwenye shina bila kulowesha majani. Dawa ya ukungu hufanya kazi vizuri kabla ugonjwa haujaenea. Nunua iliyosajiliwa, soma kipimo, na hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yako hapahapa kwetu Ngaramtoni, na moja ya kazi zake ni kusajili viuatilifu.

Baridi ikiondoka, ukungu hupungua. Usishangilie mapema, maana mgeni mwingine anaingia kwa mlango wa joto: kantangaze.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akasambaa, na mwaka 2014 akatambuliwa Tanzania, hapahapa Arumeru, upande wa Ngarenanyuki. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, ndiyo maana dawa nyingi za kupulizia juu hazimfikii.

Cha kuangalia ni kasi yake. Kwenye joto la nyuzi 14, kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua siku 76. Kwenye nyuzi 20 huchukua takriban siku 40. Kwenye nyuzi 27 huchukua siku 24. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kwa hiyo wale wachache uliowadharau mwezi wa nane wanaweza kuwa wajukuu na vitukuu ifikapo Novemba. Pita shambani mara mbili kwa wiki, chuma majani yenye vijia vyeupe, yafunge kwenye mfuko wa plastiki uyaache juani. Na mabaki ya nyanya za msimu uliopita yaondolewe kabla hujaleta miche mipya.

"Zamu yako ni lini?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Zamu yako ni lini?"

"Jumanne usiku, mzee. Lakini nasikia maji yamepungua."

Mazungumzo haya ndiyo mazito kuliko yote, hata kama yanafanyika kwa kicheko. Mito ya Meru, kama Themi, Nduruma na Usa, hutegemea sana chemchemi, na chemchemi hutegemea mvua iliyozama mlimani wakati wa masika. Tangu Juni akiba hiyo inatumika bila kujazwa. Septemba na Oktoba mto huwa umepungua, na wakati huohuo jua limerudi, kila mtu anataka kupanda. Maji yanayobaki yanaendelea kushuka hadi mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako nako kuna watu wanayasubiri.

Mifereji ya mlima huu ni ya zamani, na wazee walijua kugawana. Leo kuna kamati za mifereji na jumuiya za watumia maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji ya mto kwa umwagiliaji awe na kibali cha bodi ya bonde. Kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Ugomvi wa mfereji huanza pale mtu anapopanda eneo kubwa kuliko zamu yake, halafu usiku anafungua maji ya mwenzake. Hesabu ndogo kabla ya kupanda inaweza kuokoa nyanya na ujirani pia.

Hesabu yenyewe ni hii. Maji ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa makadirio ya kawaida, mboga iliyokomaa wakati wa mawingu ya baridi inahitaji kama milimita 3 kwa siku. Jua la Oktoba linaipandisha hadi kama milimita 5. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litahitaji lita 50 kwa siku, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Wakati wa baridi lilitosheka na ndoo moja na nusu.

Kwa mwenye mfereji, chukua robo eka, ambayo ni takriban mita za mraba 1,000. Inahitaji lita 5,000 kwa siku, sawa na lita 35,000 kwa wiki. Sasa pima mfereji wako. Kinga maji yote ya mchirizi kwa bomba au bati, yaingie kwenye ndoo ya lita 20, na uhesabu kwa simu. Kama inajaa kwa sekunde 10, unapata lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 7,200 kwa saa. Kama zamu yako ni masaa matatu kwa wiki, unapata lita 21,600. Hizo zinatosha takriban mita za mraba 600, siyo 1,000, na bado hujatoa yanayozama njiani kwenye mfereji wa udongo.

Mche mchanga hunywa kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Septemba utaona maji yanatosha. Mwezi mmoja baadaye mmea umekua, jua limekuwa kali, mfereji umepungua, na mvua bado. Panda kwa kipimo cha maji ya Oktoba.

Matandazo yanasaidia sana: majani makavu ya migomba, nyasi zisizo na mbegu, mabua. Yanafunika udongo usipigwe na jua, na jioni udongo unakuwa bado na unyevu. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina.

"Vuli itawahi mwaka huu?"

Kila mtu ana dalili zake: mlima kujitokeza asubuhi, upepo kugeuka, jakaranda za mjini kuchanua. Mlima ukionekana asubuhi nyingi mfululizo, kweli mawingu ya baridi yameanza kuachia. Jakaranda zetu huchanua kuelekea Oktoba na Novemba, ni mti uliotoka Amerika ya Kusini, na maua yake hayaahidi mvua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, na nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara, zimo. Ukisikia "chini ya wastani", haina maana kwamba mvua haitanyesha. Ina maana kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mvua pungufu kuliko ile iliyozoeleka kwa miaka mingi. Sikiliza pia mambo mawili ambayo wengi huyapita: mvua inatarajiwa kuanza lini, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu katikati.

Vuli hubadilika sana mwaka hadi mwaka kwa sababu inategemea joto la bahari zilizo mbali na sisi. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na vuli ikanyesha kwa wingi Afrika Mashariki. Vuli ya 2021 ilikuwa hafifu katika maeneo mengi ya kaskazini. Mkulima aliyepanda kwa kukumbuka mwaka jana tu anaweza kupata pigo.

Na mvua ya kwanza isikudanganye. Manyunyu ya siku mbili hutuliza vumbi, hayajazi chemchemi. Chimba kwa kidole. Kama unyevu haujafika kiganja kimoja chini, bado wewe ni mtu wa zamu.

"Nigawie miche kidogo"

Hapa kuna uzuri wa ujirani wetu. Mtu hupita akiomba miche ya sukuma wiki, mbegu ya mnafu, kipande cha shina la magimbi. Mbegu za asili kama mnafu, mchicha na mgagani zinaweza kutunzwa nyumbani na kugawanwa. Chagua mimea yenye afya, acha iive kabisa, osha au pepeta, kausha kivulini. Kituo cha Dunia cha Mboga, kilichopo eneo la Tengeru tangu mwaka 1992, kimefanya kazi ndefu ya kukusanya na kuboresha mboga hizi za Kiafrika ambazo zamani tuliziita za maskini.

Mbegu ya nyanya chotara ni habari nyingine. Ukichukua mbegu kutoka tunda lake, watoto hawatafanana na mama yao. Kwa aina za kawaida kama Tengeru 97, iliyotokana na kituo cha utafiti cha Tengeru, unaweza kutunza mbegu kama mmea ulikuwa mzima.

Ukigawiwa miche, igeuze majani uangalie upande wa chini, kagua mizizi, uliza ilitoka wapi. Mche mmoja wenye mayai ya kantangaze unaweza kuhamisha tatizo kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Kuuliza hivyo siyo kumdharau aliyekupa.

Kabla hujahamisha miche

Wakulima wengi husia wiki moja, baada ya Nane Nane, kwa sababu mbegu zimenunuliwa pamoja na baridi imeachia kwa wote. Nyanya huanza kuchumwa takriban siku 75 hadi 90 tangu kuhamishwa. Kwa hiyo nyanya zote za Septemba hufika Tengeru na Kilombero pamoja, na tenga linauzwa kwa bei ya kutupa. Hapa maongezi ya mfereji yana faida ambayo hatujaitumia vya kutosha: kuulizana nani anapanda nini, na lini.

Wiki hii, kabla ya kuhamisha miche, jiulize mambo manne. Zamu yangu inatosha eneo gani kwa jua la Oktoba? Jirani zangu watatu wamepanda nini? Nina matandazo ya kutosha? Mabaki ya msimu uliopita nimeyaondoa?

Kama maji ni machache, gawa eneo. Weka sehemu ya nyanya inayolingana na zamu, na sehemu nyingine weka mchicha unaovunwa kwa wiki tatu hadi nne, au mnafu unaoanza kuchumwa baada ya wiki tano au sita. Hizo zitakupa hela ya matumizi kabla ukavu haujakaza. Sehemu inayobaki iache na matandazo isubiri vuli. Jirani akikuuliza kwa nini shamba liko tupu na baridi imeshaachia, mjibu kwa upole: baridi imeachia, mama, lakini mvua bado.